Klabu yenu inataka fedha za serikali ya wanafunzi? Anzieni hapa

Kila mwaka vyuo vikifunguliwa maswali huwa yale yale. "Tumeshasajili klabu, hela tunapataje?" "Rais alituahidi milioni moja kwenye kampeni, mbona kimya?" "Barua yetu ipo ofisini tangu mwezi wa kumi na mbili, hakuna jibu." Nimewahi kuzipokea barua hizo nikiwa wizara ya fedha ya serikali ya wanafunzi, na baadaye nimesaidia vilabu kuziandika. Mwongozo huu ni kwa ajili ya vyuo vikuu vya Tanzania. Majina ya vyeo na ya kamati hutofautiana chuo na chuo, ila njia inayopitiwa na fedha inafanana sana.

Jambo la kwanza kulielewa ni hili: fedha hizi hazitoki kwa mtu, zinatoka kwenye kasma, yaani fungu la bajeti lililotengwa kwa shughuli fulani. Rais wa serikali ya wanafunzi anaweza kuipenda klabu yenu kwa moyo wote, lakini kama shughuli yenu haimo kwenye bajeti iliyopitishwa na bunge la wanafunzi, mtakuwa mnaomba makombo. Klabu nyingi nzuri hufa njaa kwa sababu zilimfuata mtu badala ya kuifuata bajeti.

Fedha zinatoka wapi

Fungua maelekezo ya kujiunga uliyopewa ulipochaguliwa chuo. Chini ya ada ya masomo kuna orodha ya michango midogo: 20,000 ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), bima ya NHIF ambayo kwa miaka mingi imekuwa 50,400 kwa asiye na bima nyingine, kitambulisho, na mstari mmoja wa serikali ya wanafunzi. Huo mstari ndio chanzo kikuu. Vyuo vingine vina nyongeza kidogo, kama kodi ya vibanda vya steshenari au mapato ya matamasha, lakini usivitegemee.

Mwanafunzi analipa kwa kontrol namba, fedha inaingia kwenye akaunti za chuo, kisha inatambuliwa kama fungu la serikali ya wanafunzi. Viongozi wenu hawashiki fedha hiyo mkononi. Wanaomba itumike, na ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi pamoja na wahasibu wa chuo ndio wanaoitoa.

Fedha pia haiingii kwa mkupuo. Tuchukue chuo chenye wanafunzi 6,000, kila mmoja akidaiwa 10,000. Bajeti itasomwa ikiwa ni milioni 60. Kama hadi mwishoni mwa Novemba nusu tu ndio wamelipa, wengine wakisubiri bumu (fedha ya mkopo wa elimu ya juu) au wazazi, kilichopo ni milioni 30. Na kabla ya klabu yoyote kuguswa, hiyo milioni 30 inasubiriwa na mapokezi ya mwaka wa kwanza, timu zinazokwenda mashindano ya TUSA (michezo ya vyuo vikuu), vikao vya bunge, rambirambi na maandalizi ya uchaguzi. Ndiyo maana unasikia "bajeti imepita lakini hela hakuna", na anayesema hivyo mara nyingi anasema kweli.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Barua au cheti cha usajili wa klabu cha mwaka huu wa masomo. Cha mwaka jana hakitoshi kama chuo chenu kinataka kuhuisha kila mwaka.
- Katiba ya klabu, na orodha ya wanachama yenye namba zao za usajili.
- Jina na saini ya mlezi wa klabu, yaani mhadhiri au mfanyakazi wa chuo aliyekubali jukumu hilo. Mlezi wa kwenye karatasi tu, ambaye hapokei simu, atawakwamisha siku mnayomhitaji.
- Katiba ya serikali ya wanafunzi. Tafuta sura ya fedha, uisome yote.
- Bajeti ya serikali ya wanafunzi ya mwaka uliopita. Iombe kwa katibu wa bunge au kwa mbunge wenu. Ni fedha yenu, mna haki ya kuiona.
- Almanaka ya chuo, ili msipange shughuli yenu wiki ya mitihani.
- Marejesho, yaani hesabu na risiti za matumizi, ya fedha yoyote ambayo klabu ilipewa zamani. Kama hayapo, malizeni hilo kwanza. Soma hatua ya 9.

Hatua kwa hatua

1. Jua tarehe ya bajeti

Nenda wizara ya fedha mapema, wiki mbili au tatu za mwanzo wa muhula wa kwanza, uulize maswali matatu: maombi ya vilabu yanafungwa lini, kamati ya bajeti inakaa lini, bunge linasoma bajeti lini. Andika majibu. Kwenye vyuo vingi mambo haya yanamalizika kabla ya likizo ya Krismasi, na klabu inayokuja Februari inakuta kila kitu kimeshagawanywa.

Kama chuo chenu ni cha umma, kuna tarehe nyingine ya kuikumbuka: Juni 30. Mwaka wa fedha wa serikali unaishia hapo, na wahasibu huanza kufunga malipo kabla ya siku hiyo. Shughuli ya mwezi wa sita yenye karatasi zisizokamilika huwa ngumu sana kulipwa.

2. Tafuta kasma inayowahusu

Kwenye bajeti ya mwaka jana tafuta mistari kama "vilabu na vyama vya kitaaluma", "afya na mazingira", "michezo na burudani", "elimu", "jinsia na wenye mahitaji maalumu". Kila mstari una wizara yake. Ukishaupata wa kwenu, anza na waziri wa wizara hiyo, kwa sababu ndiye atakayesimama bungeni kutetea fungu hilo. Waziri wa fedha hupokea yale ambayo wizara zimeleta.

Tahadhari: msiombe shughuli moja kwenye wizara mbili kimyakimya mkidhani mnaongeza nafasi. Kamati ya bajeti ni ile ile moja, na ikigundua inawafuta kote kote. Kama shughuli inagusa wizara mbili, semeni wazi kwenye barua.

3. Chagueni shughuli moja na muijenge vizuri

Klabu changa hupeleka orodha ya matukio kumi na mbili, kuanzia semina hadi safari ya Mikumi. Kamati inaisoma orodha ndefu na haipati pa kushika. Pelekeni moja au mbili ambazo mwanafunzi asiye mwanachama naye atafaidika nazo.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: klabu ya afya inayotaka siku ya kuchangia damu chuoni. Kabla ya kuandika shilingi yoyote, viongozi wanakwenda kituo cha Damu Salama (mpango wa taifa wa kukusanya damu) cha kanda yao, wanakubaliana tarehe, na wanarudi na barua. Wataalamu, vitanda, mifuko ya damu na vipimo vinaletwa na Damu Salama. Kwa hiyo serikali ya wanafunzi haiombwi kugharamia kila kitu, inaombwa kivuli, viti, maji na matangazo. Ombi la namna hiyo linapita kirahisi, maana sehemu kubwa ya gharama tayari ina mwenyewe.

4. Kusanya ankara kifani

Hizi ndizo wengi wanaziita profoma: karatasi za bei ambazo muuzaji anakupa kabla hujanunua. Kwa kila kitu kikubwa tafuta tatu kutoka kwa wauzaji tofauti, zenye TIN (namba ya mlipakodi), mhuri na tarehe. Msiulize bei kwa simu mkaandika wenyewe.

Muulize mhasibu mapema malipo yatafanyikaje: kwa masurufu, yaani fedha anayopewa mtu mmoja kwa niaba ya klabu aitumie kisha aitolee hesabu, au chuo kitamlipa muuzaji moja kwa moja? Kwenye vyuo vya umma ununuzi unaopitia idara ya ununuzi hufanyika kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, na muuzaji asiyesajiliwa humo hawezi kulipwa. Nimeona hema likiwa limeshafungwa uwanjani ndipo mtu anaanza kuuliza mwenye hema amesajiliwa wapi.

5. Andika bajeti yenye hesabu inayoonekana

Kila mstari uwe na kitu, idadi, bei ya kimoja na jumla. Bei zilizo hapa ni za mfano, zenu zitoke kwenye profoma:

- Hema 2 × 60,000 = 120,000
- Viti 100 × 500 = 50,000
- Maji na juisi kwa watu 150 × 1,200 = 180,000
- Biskuti kwa watu 150 × 500 = 75,000
- Spika na maiki, siku 1 = 100,000
- Mabango 3 × 25,000 = 75,000
- Jumla: 600,000

Chini ya jumla andika klabu inachangia nini, hata kama ni wanachama 40 kujitolea kuhamasisha bwenini na 50,000 ya mfuko wa klabu. Kamati inaangalia hilo.

Sasa angalia nini hakimo. Hakuna posho ya kamati ya maandalizi, hakuna fulana za viongozi, hakuna "mengineyo 150,000". Hivi vitatu huua maombi kuliko kitu kingine chochote, na ni haki vife. Fedha hii imetoka kwa mwenzako ambaye huenda alikula mlo mmoja ili amalize kulipa ada. Haiwezi kurudi kama posho ya kukaa kikao cha saa moja.

Kumbuka pia kodi ya zuio. Chuo kikimlipa mtoa huduma kinakata asilimia 5 na kuipeleka TRA. Mwenye spika aliyekubali 100,000 atapokea 95,000. Mwambieni kabla, maana akishtuka siku ya malipo ataona mmemdhulumu.

6. Andika barua na andiko fupi

Barua iwe ukurasa mmoja. Juu kulia anwani ya klabu na tarehe, kushoto anayeandikiwa, kisha "Kupitia kwa: Mlezi wa Klabu", halafu kichwa kinachotaja kiasi waziwazi:

YAH: OMBI LA SHILINGI 600,000 KWA AJILI YA SIKU YA KUCHANGIA DAMU CHUONI

Watu huona aibu kutaja kiasi kwenye kichwa. Kitajeni. Msomaji mwenye barua thelathini mezani anataka kujua kwa sekunde moja mnataka nini.

Aya ya kwanza: ni shughuli gani, lini, wapi. Ya pili: nani watafaidika na wangapi. Ya tatu: kiasi, kasma mnayoiomba, na mchango wenu. Saini ya mwenyekiti, katibu na mlezi. Viambatisho vihesabiwe kwa namba: bajeti, profoma, barua ya mshirika, nakala ya usajili, marejesho ya mwisho. Andiko lenyewe kurasa mbili zinatosha. Historia ndefu ya umuhimu wa damu duniani haiwasaidii. Wabunge wanajua damu ni muhimu, wanachotaka kujua ni kwa nini viti ni 100 na si 50.

7. Peleka, gongesha mhuri, fuatilia

Toa nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na unaondoka nayo. Barua iliyotumwa kwa WhatsApp ya waziri haihesabiki kuwa imepokelewa. Baada ya wiki moja pita uulize imefika dawati gani. Nenda na nakala yako yenye mhuri, ongea kwa heshima, andika jina na cheo cha aliyekujibu, na tarehe.

8. Tetea mbele ya kamati

Siku ya kamati aende mtu anayejua hesabu, mara nyingi mweka hazina, pamoja na anayejua shughuli. Mtaulizwa mambo matatu kwa hakika: mkipewa nusu mtafanyaje, wasio wanachama wanafaidikaje, na fedha ya mwaka jana ilikwendaje.

Swali la nusu lijibuni mkiwa mmejiandaa. Kwenye mfano wetu: kwa 300,000 tunabaki na hema moja, viti 50, maji bila juisi, biskuti, na spika tunaazima kwa kanisa au msikiti wa chuo, mabango tunapunguza hadi moja. Fanyeni hesabu hiyo mkiwa nyumbani, msiifanye mbele ya kamati mkitoka jasho. Klabu inayosema "bila zote hatufanyi" mara nyingi huondoka mikono mitupu.

Kabla ya bunge, muoneni mbunge wa kitivo chenu mmpe nakala. Bajeti ikisomwa na mtu akapendekeza kukata fungu la vilabu ili kuongeza usafiri wa viongozi, atakayesimama ni yeye, na hawezi kutetea asichokijua.

9. Pokea, tumia, rejesha

Kupitishwa bungeni si kulipwa. Baada ya hapo kuna dokezo la wizara (maandishi ya ndani ya kuomba malipo), idhini ya Mshauri wa Wanafunzi, hati ya malipo, kisha fedha. Anzisheni mlolongo huu angalau wiki tatu au nne kabla ya tukio. Ulizeni kila hatua inahitaji saini ya nani, na kama mwenye saini anasafiri, nani anakaimu.

Mkipewa masurufu, jina la mpokeaji ndilo linalodaiwa. Achaguliwe mtu mwenye utaratibu, na awe bado na muda wa kutosha wa kuwepo chuoni. Asiwe mwaka wa mwisho anayeondoka kesho kutwa kwenda mafunzo kwa vitendo.

Siku ya tukio, kila kinacholipwa kiwe na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) iliyoandikwa jina ambalo mhasibu aliwaelekeza, na kiasi kile kile kilicholipwa. Muuzaji akisema "nikupunguzie tusitoe risiti", mwacheni. Mama lishe na bodaboda hawana mashine, kwa hiyo ulizeni mapema kama mhasibu anakubali stakabadhi ya mkono yenye jina, simu na saini. Na kitu kidogo ambacho kimewaumiza wengi: karatasi ya EFD hufifia. Ukiikunja kwenye pochi mwezi mzima, au ukaiacha kwenye begi juani, inabaki karatasi nyeupe. Toa nakala jioni hiyo hiyo, piga picha, bandika halisi kwenye karatasi ya A4 kwa mpangilio wa mistari ya bajeti.

Marejesho yapelekwe ndani ya muda mliopewa. Weka jedwali la kilichoombwa, kilichotumika na kilichobaki, risiti, orodha ya mahudhurio, picha mbili tatu, ripoti ya ukurasa mmoja. Kilichobaki kirudisheni, hata kikiwa 12,000. Ombeni mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Aliye na masurufu yasiyorejeshwa hapewi mengine, na kwenye vilabu adhabu hiyo huwaangukia watakaofuata, ambao hawakula hata biskuti moja.

Mambo yakikwama

*Barua haijibiwi.* Rudi na nakala yenye mhuri, kisha andika barua ya kumbukumbu yenye tarehe ya ile ya kwanza, nakala kwa mlezi. Ikishindikana, mbunge wenu aulize swali bungeni. Acheni kupeleka malalamiko kwenye makundi ya darasa kabla ya hapo. Mnageuza suala la karatasi kuwa ugomvi na watu wanajifungia ofisini.

*Tumeambiwa fedha hazijaingia.* Ulizeni kasma yenu imeshapokea kiasi gani hadi sasa, na mpo wa ngapi kwenye foleni ya malipo. Kama tarehe inakaribia, sogezeni tukio muhula wa pili kwa barua, ili idhini isife. Msikope kwa mtu binafsi mkitarajia kurudishiwa. Vyuo vingi havirudishi fedha iliyokwisha kutumika bila idhini ya awali.

*Tumepewa kidogo kuliko tulichoomba.* Andikeni bajeti mpya inayolingana na kilichopitishwa, isainiwe, iwekwe kwenye faili. Mkirejesha kwa bajeti ya zamani hesabu hazitaoana na mtahojiwa bila kosa.

*Risiti imepotea.* Rudini kwa muuzaji siku hiyo hiyo mkaombe nakala, kisha mwandikieni mhasibu maelezo yaliyosainiwa na mlezi. Kutengeneza risiti nyingine msithubutu. Risiti ya EFD ina namba ya uhakiki inayoangaliwa kwenye mfumo wa TRA, na kosa hilo linaweza kufika kwenye kamati ya nidhamu ya chuo.

*Kiongozi anataka "asante" ili asaini.* Msimpe. Nendeni na mlezi wenu kwa Mshauri wa Wanafunzi, mkiwa na nakala zenye mihuri na tarehe mlizokwenda kufuatilia. PCCB (TAKUKURU) nao wana ofisi mikoani, na rushwa ya chuoni ni rushwa.

*Tumerithi klabu yenye deni la marejesho.* Ombeni kwa mhasibu orodha ya kinachodaiwa, jina na kiasi. Mtafuteni aliyepokea, hata kama amehitimu. Wengi wana risiti kwenye simu zao. Kinachokosekana kabisa, pendekezeni kwa barua kulipwa kidogo kidogo kutoka michango ya wanachama. Wakati huo huo fungueni faili jipya, na tangu leo kila barua, profoma na marejesho yaingie humo kwa tarehe. Siku ya makabidhiano likabidhiwe kwa saini ya mwenyekiti anayetoka, anayeingia na mlezi, na nakala yake ya picha ikae kwenye baruapepe ya klabu ambayo nywila yake wanaijua watu wasiopungua wawili.